Kanda ya Refa Mstari

Mume wangu ni fundi vioo, na kama umewahi kuishi na fundi vioo utanielewa. Hawezi kuingia nyumba ya mtu asitazame madirisha kwanza. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, hata maji hajanywa, akamwambia mama yangu kwamba fremu ya dirisha la sebuleni imepinda. Mama akanivuta jikoni akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu atakuchosha." Mama yangu hakuwa mtabiri, lakini hilo alilipatia.

Aliwahi kumtilia jirani yetu kioo cha kabati, akashukuriwa, akarudi nyumbani, akakaa kunywa chai. Mara naona kaacha kikombe, kabeba mfuko wa vifaa, anatoka tena. Namuuliza kulikoni, ananiambia kile kioo kinacheza kidogo kwenye kona. Mwenye kabati hakuwa ameona kitu! Alishapanga na vyombo vyake humo. Baba watoto akamtolea vyombo vyote, akakata kioo kingine kwa gharama yake, akarudi chai imeshapoa, akainywa hivyohivyo kwa raha zake. Mimi nilikuwa nimekasirika, yeye anapiga mluzi.

Sasa mtu kama huyo, mwisho wa wiki alikuwa anavaa kaptula nyeusi, anavuta soksi hadi magotini, anatundika kipenga shingoni, anakwenda kuchezesha mpira. Refa! Katika kazi zote za kutukaniwa mama duniani, mume wangu akachagua hiyo, tena ya bure. Wachezaji wakampa jina la Mstari, kwa sababu kila wakimzonga alikuwa anaonyesha chini kwa kidole na kuwaambia, "Mimi sikuuchora. Mstari ndio umesema." Kaka yangu wa tumbo moja alipewa kadi nyekundu na shemeji yake mwenyewe mbele ya ukoo mzima, na jioni wakaja wote wawili kula kwangu. "Shemeji, pole," mume wangu akamwambia huku anampakulia, "lakini ule mguu uliunyanyua." Kaka akala kimya, akaomba aongezwe. Mimi ndiye niliyenuna kwa niaba ya ukoo.

Kwa hiyo hapa mtaani Refa Mstari ni mtu na heshima zake. Watu wakigombania mpaka wa ukuta wanamwita. Na heshima hiyo, ukiuliza sana, yote ilikaa juu ya goli moja.

Ilikuwa fainali, timu ya kiwanda cha sabuni na timu ya gereji. Mechi inakaribia kuisha bila bila, ikapigwa kona, watu wakaruka pale langoni kama wanagombania mgao wa maji, mmoja wa sabuni akaupiga kichwa. Kipa wa gereji akaudaka mpira ukiwa kwenye mstari, akaanguka nao kwa nyuma. Mume wangu akapuliza kipenga, akaonyesha katikati. Goli. Sabuni wakawa mabingwa. Yule kipa alimfuata kwa magoti, ndiyo, kwa magoti, anapiga ardhi kwa viganja analia, "Haukuingia! Refa, mpira haukuingia!" Tangu siku hiyo hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Haukuingia, na watoto waliozaliwa juzi wanamwita hivyohivyo bila kujua kisa.

Baya zaidi ni kwamba kulikuwa na mpiga picha wa video uwanjani. Alitengeneza kanda chache kwa ajili ya wakubwa wa timu ya sabuni, na moja akamuuzia mume wangu. Zilizobaki mitaani zilikuwa za kurudufu tu, kopi ya kopi. Kila kibanda cha video kilionyesha ile fainali, na mimi niliitazama huko zaidi ya mara moja, nimebanwa katikati ya watu. Picha ilikuwa inafifia mpaka giza halafu inawaka weupe, inafifia, inawaka, kama mtu anayechezea swichi. Na pale penyewe, kipa anapodaka, ilikuwa inawaka kweli. Chokaa ya mstari ilipotelea kwenye ule weupe, ukibaki unaona mpira, kipa na nyavu. Kibanda kizima kinalipuka: "Uko ndani! Uko ndani kabisa!" Haukuingia mwenyewe alinunua kopi sokoni, akaitazama mpaka ikakatika, na kila aliyemkaribisha kwake amwonyeshe alitoka anacheka.

Maskini yule baba akawa mtu wa mechi moja. Akikukamata kwenye foleni atakusimulia, akikukamata msibani atakusimulia. Watu wakimwona wanavuka barabara. Mkewe alipofariki akahamia kwa binti yake, anayefua na kupiga pasi nguo za watu, na siku moja nimepeleka mashuka nikamsikia binti kwa masikio yangu anamwambia, "Baba, ndani ya nyumba yangu hiyo mechi isitajwe tena. Umenidhalilisha vya kutosha." Baba mtu akainamisha kichwa, akaendelea kukunja nguo. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mume wangu huku nacheka. Yeye hakucheka, akaniuliza tu kama mashuka yametakata.

Yeye na Haukuingia hawakuwa wakisalimiana. Na ile kanda yake halisi hakuwahi kuitazama. Niliposema tuazime deki ya video tuione, alikuwa na jibu lake moja: "Refa akishapuliza, amepuliza. Hajitetei kwa sinema." Nikaona ni maringo ya haki, nikamwachia. Kanda ikakaa juu ya kabati, imefungwa gazeti, tukahama nayo nyumba hadi nyumba.

Basi, mwaka huu uwanja ukajengewa vyumba vipya, na mwenyekiti wa chama cha mpira akaja kwetu, kakaa hapo kwenye kochi, kasema kamati imeamua chumba cha waamuzi kiitwe Chumba cha Mstari. Jina litapakwa rangi mlangoni. Jumamosi kutakuwa na sherehe, na fainali ile itaonyeshwa kwenye pazia kubwa wazee wajikumbushe. "Lakini, mzee, kopi zetu zinawakawaka, zinaumiza macho," akasema. "Tumesikia wewe unayo ya asili. Tutafutie diski safi." Mimi nilipiga kigelegele pale pale, sikungoja mgeni atoke. Mume wangu akasema, "Sawa, itapatikana," kwa sauti ya mtu asiyejali, lakini nilimwona alivyokaa. Alikuwa amenyooka kama anapigwa picha.

Tulipoifungua ile kanda kutoka kwenye gazeti, ukingo wa utepe ulikuwa na ukungu mweupe kama mkate wa juzi. Nikasema, tumekwisha. Jirani akatuelekeza kwa Mama Kanda.

Mama Kanda yuko nyuma ya duka la viatu. Unapita katikati ya mabuti, unainama chini ya ngazi, unatokea kwenye chumba ambacho ukuta mzima ni deki. Nyingine zimefunuliwa matumbo, nyingine zina karatasi juu: "Huyu anakula kanda, usimguse." Mwenyewe ni mama mnene wa makamo, miwani iko kwenye paji la uso na nyingine iko machoni, barakoa kidevuni. Tulimkuta na mteja aliyeleta kanda mbili. Akazitazama, moja akaiweka kwenye rafu, moja akamrudishia. "Hii ya harusi yenu karibu, njoo kesho. Hii ya sinema ina wenyewe, kainunue dukani." Yule mtu akabembeleza, akasema mafundi wengine wote wanafanya. "Basi wapelekee wenzangu," akajibiwa. Nikampenda hapo hapo, maana ana mdomo kama wangu.

Akaichukua kanda yetu, akavaa barakoa vizuri, akaifungua kwa bisibisi ndogo. Akazungusha utepe kwa mkono, taratibu, huku anaufuta kwa kitambaa laini chenye spiriti, anabadilisha kitambaa, anaendelea, kama anayemwogesha kichanga. Mume wangu alivuta kigoda akakaa karibu, akawa anamtazama vidole. Hakusema neno, na kwa mtu yule kutokosoa ni sifa kubwa kuliko zote. Mimi bado naisubiri. Utepe uliposafishika, Mama Kanda akauhamishia kwenye kasha jipya, akautia kwenye deki, akawasha mashine ya kurekodi diski. Timu zikaonekana zinaingia uwanjani. Mara skrini ikawa buluu tupu, yameandikwa maneno.

"Inasemaje?" mume wangu akauliza.

"Inasema hii kanda ina kinga. Hairuhusiwi kurekodiwa."

"Yaani inaniita mwizi?"

"Haikujui, mzee wangu. Inamwambia hivyo kila mtu."

"Mimi nimeinunua mkononi mwa aliyeipiga! Sijawahi kununua cha wizi tangu nizaliwe!" Alishasimama, kidole kiko hewani, nikajua sasa tutafukuzwa.

Mama Kanda hakubabaika. Akamweleza kwamba aliyetengeneza kanda alitia alama fulani ndani ya picha, jicho haliioni lakini mashine inaiona. Ukiitazama kanda yenyewe, ni safi. Ukiirudufu, kopi inaharibika. Akachukua deki mbili za zamani, akaziunga kwa waya, akarekodi kipande, akaturudishia tuone. Hee! Nyuso za wachezaji zikafifia zikawa giza, halafu zikawaka weupe, zikafifia tena.

"Ndiyo yenyewe!" nikapiga makofi. "Ndiyo tuliyoionaga sote kibandani! Kumbe mtaa mzima tulikuwa tunatazama ugonjwa wa kopi!"

Nilifurahi kama nimefumbua fumbo. Mume wangu hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ile skrini inavyowaka na kuzima.

"Unaweza kuondoa?" akauliza.

"Ninacho kisanduku cha kunyoosha picha, nakiweka katikati, inatoka safi. Lakini kanda yenye kinga siigusi mpaka mwenyewe aliyeitia aniambie kwa mdomo wake. Mwenyewe yuko hai?"

Yuko hai, anauza miche ya miti kando ya barabara kuu. Tulimkuta amevaa gamboti, anamwagilia. Tulipomwambia shida yetu alicheka mpaka akaweka kopo chini. "Kinga? Niliihangaikia ile mimi! Nikasema safari hii hawanirudufu. Walirudufu hivyohivyo, ikiwa inawakawaka, na wakanunua! Mtu wetu huyu ukimpa bure hata giza atatazama." Akaomba simu, akaongea na Mama Kanda, akamwambia ruhusa ametoa, na yeye afanyiwe nakala moja kwa sababu zake zote zililiwa na mchwa.

Halafu akamrudishia mume wangu simu, akamuuliza, "Bwana Mstari, wewe mwenyewe ulishaitazama?"

"Bado."

Yule mzee akaacha kucheka. "Mimi nilisimama kwenye kona, juu ya ngazi, sawasawa na mstari wa goli. Nilikuwa wa sabuni mimi, damu damu, na waliokuwa na kanda zangu, ukiacha wewe, wote ni wa sabuni. Bingwa hatazami mstari, anatazama ubingwa." Akaokota kopo lake. "Itazameni kwanza nyinyi wenyewe. Msimpe mwenyekiti kabla." Akarudi kwenye miche yake. Nikamwambia mume wangu njiani kwamba uzee umemwanza yule.

Tukarudi siku ya pili. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kina taa moja ya kijani, ukikiona huwezi kukipa thamani. Mama Kanda akakiunga kati ya deki na mashine, akabonyeza, na jamani, picha ikatoka safi, unaona mpaka vumbi linavyopanda. Mimi nilicheka sana mwanzoni. Mume wangu alikuwa kijana! Kiuno kile, zile mbio! Nikamwambia Mama Kanda, "Umeona niliyeolewa naye? Huyu mzee hapa sijui walinibadilishia lini." Mama Kanda akacheka. Mume wangu akasema, "Nyamazeni, ni kona."

Mpira ukapigwa. Kichwa. Kipa akadaka, akaanguka. Kipenga.

"Rudisha," akasema mume wangu.

Akarudisha.

"Unaweza kuisimamisha?"

Mama Kanda akaisimamisha, akaisogeza kidogo kidogo, picha moja, picha nyingine. Chokaa ilikuwa nyeupe, imenyooka. Kipa alikuwa ameukumbatia mpira kifuani, miguu yake imevuka mstari, lakini mpira wenyewe nusu nzima uko mbele, uwanjani. Halafu, kipenga kikiwa kimeshapulizwa, beki akaanguka juu yake, na wote wakabiringika ndani ya nyavu. Na nyuma ya huyo beki, amezibwa asione na mgongo wa mtu, alikuwa mume wangu, kipenga kiko mdomoni. Mshika kibendera ndiyo kwanza anakuja mbio kutoka katikati.

Mume wangu alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye mstari, kama anavyopima kabla ya kukata.

"Haukuingia," akasema.

Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo vile. Mimi si mtu wa kukubali kushindwa, nikageuka haraka kwa Mama Kanda. "Mwenzangu, si umetuonyesha jana ile ya deki kwa deki? Tuwekee hiyohiyo kwenye diski. Tunawaambia imeharibika, ndiyo waliyoizoea. Watapiga makofi, mlango utapakwa rangi, yamekwisha. Yaliyopita si ndwele."

Mama Kanda akavua miwani moja, akabaki na nyingine. "Naweza, mama. Kuchomoa kisanduku ni kazi ya kufumba na kufumbua. Picha itawaka pale pale, mstari utapotea, na hakuna atakayejua." Akamtazama mume wangu. "Lakini kanda ni ya mzee. Aseme yeye."

"Baba watoto," nikamwambia, "funika kombe mwanaharamu apite. Nakuomba. Siombi kitu kingine."

Alikuwa bado anaangalia ile picha iliyosimama. "Mke wangu," akasema, "siku ile nilipuliza kwa kutoona. Leo nikinyamaza, nitakuwa nimepuliza huku naona." Halafu akamwambia Mama Kanda, kwa adabu kabisa, "Malizia safi, dada. Nakala mbili, na ya yule wa miche."

Sitakuficha, nilimsema njia nzima. Nilimwambia ana kichwa cha jiwe, nilimwambia haki yake haijawahi kutupikia hata siku moja, nilimwambia watu watamcheka mpaka kaburini na mimi nitakuwa nimesimama hapo pembeni. Kila nilichosema alijibu, "Kweli." Jamani, ugomvi gani huo, unamtukana mtu anakubali! Tulipofika nyumbani niligonga sufuria mpaka jirani akauliza kama tuna fundi bati.

Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti, akamwambia jina lisipakwe, na akamwambia kwa nini. Mwenyekiti akacheka. "Mzee, nani anajali leo? Ni goli la zamani. Tuachie sherehe yetu." Mume wangu akamwambia, "Yuko mmoja anayejali," akampa diski, akamwambia hiyo ndiyo itakayoonyeshwa Jumamosi na yeye atasimama mbele aeleze, au hakuna diski nyingine. Akaja nyumbani kuchukua mashine yetu ndogo ya kuchezea diski. Alikuwa amevaa shati lililonyooshwa, anafunga vifungo vibaya.

Nikamfunga vifungo mwenyewe. Nikavaa viatu. "Unakwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia nakwenda anakokwenda, aibu ya mume wangu haibebwi na mtu mmoja.

Tulipiga hodi mlango ukiwa wazi. Binti alikuwa anapiga pasi sare za shule, baba yake amekaa kwenye mkeka anakunja. Alipomwona nani ameingia, yule mzee alisimama, na shati lililokuwa mkononi likaanguka.

"Shikamoo," binti akasema, anatutazama kwa wasiwasi. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa baba yako," mume wangu akasema. "Nimeleta kitu akione. Na wewe ukione."

Nikaunga mashine kwenye runinga yao, kwa sababu mume wangu vidole vilimkataa. Kona ikapigwa. Kichwa. Nikaisimamisha pale Mama Kanda alipoisimamisha. Nilisikia pasi inatoa mvuke.

Haukuingia alitazama kwa muda mrefu. Uso haukubadilika, nadhani kwa sababu hakuona kitu kigeni, aliona kile alichokuwa anakiona kila siku. Kisha akamuuliza mume wangu, "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya beki wako. Sikuona."

"Na ukapuliza."

"Sikuwa na hakika, nikapuliza kama mwenye hakika. Na kanda hii nilikuwa nayo ndani tangu wiki ile. Nilijiambia refa hatazami. Nilikuwa naogopa, ndugu yangu. Nimekuja kukuomba radhi hapa kwanza, halafu Jumamosi mbele ya watu."

Mimi nilikuwa nalia, nasema wazi. Miaka yote nimeishi na mtu huyu nikidhani sijui ni mgumu, sijui ni mshindani, na kumbe alikuwa na hofu hiyo juu ya kabati letu, anahama nayo. Na siku alipoitazama machoni, hakugeuka. Ningeolewa naye tena siku ile ile, na dirisha la mama lipinde linavyotaka.

Yule mzee hakujibu radhi. Alikuwa amegeuka kumtazama binti yake. Binti alishazima pasi. Alikuwa amesimama mbele ya runinga, amejishika mdomo, anatazama kijana aliyeukumbatia mpira juu ya mstari mweupe. Akaja akakaa kwenye mkeka, chini kabisa, miguuni pa baba yake.

"Baba," akasema, "nisimulie."

Yule mzee akabaki anamwangalia kama hakumsikia sawa.

"Nisimulie ile mechi. Tangu mwanzo."

Akaokota lile shati lililoanguka, akaliweka kando. Akaanza. Akasimulia walivyolala na jezi usiku wa kuamkia fainali, na kiatu chake cha kushoto kilivyokuwa cha kuazima. Hakuna aliyevuka barabara, hakuna aliyetazama saa. Alisimulia hadi kona, hadi kichwa, akanyanyua mikono yake ya kizee akatuonyesha alivyodaka. "Nikaukumbatia hapa," akasema. "Nikaona mstari uko chini ya tumbo langu. Nikasema, tumepona. Halafu..."

Akasita, akamtazama mume wangu.

"Halafu nikapuliza," mume wangu akasema. "Endelea, ndugu yangu."